Mkeka wa Rafu ya Chini

3 Juni
Asubuhi: ukungu mpaka saa tatu, baridi kavu, hakuna mvua.

Kibiriti, mdogo wangu,

Usianze kucheka. Najua utasema, "Rejista huyo, anaanza na mawingu." Daftari langu limeanza hivyo kila siku tangu nikiwa kidato cha pili, na sasa hata barua zinaanza hivyo zenyewe.

Nakuandikia kwa sababu simu ya Jumapili si yetu, ni ya mama. Akishabonyeza spika na kuilaza juu ya meza, mimi nabaki kusema nimekula, nimelala, nimefua. Barua ukiipokea hapo karakana utaisoma wewe na makochi yako tu.

Habari kubwa ni kwamba jana chumba kizima kilipiga makofi. Hata mimi nilipiga, nikaangusha ndoo ya maranda. Unajua kazi yangu ni kulea panya, ingawa mama anawaambia majirani "yuko maabara" na kuishia hapo. Sasa nikueleze panya hao ni wa nini, maana hujawahi kuniuliza.

Panya wetu wana uvimbe wa saratani ya ini tuliowapandikizia. Madaktari wanachukua seli za kinga, zile askari za mwili, wanazibadilisha ili ziitambue saratani na kuishambulia. Kwa saratani ya damu njia hii imeshafanya kazi. Uvimbe mgumu ndio unaowashinda. Daktari Mrefu, mkubwa wetu, alitueleza sisi walezi kwa kuchora ubaoni: uvimbe ni nyumba ya matofali isiyo na mlango. Seli zinafika, zinazunguka nje. Chache zinazopenya zinakuta hewa mbaya ndani, zinachoka, zinalala. Basi wametengeneza aina mbili. Aina ya kwanza ni ya zamani kidogo. Aina ya pili imeongezewa kitu ili isichoke. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kupima, na aina ya pili imeuvunja uvimbe. Daktari Mrefu alivua miwani akaifuta mara tatu, na haikuwa chafu.

Mimi nina furaha yangu ya siri. Panya wa aina ya pili wanakaa rafu ya chini, na tundu la kiyoyozi liko ukutani hapo hapo, linawapulizia moja kwa moja. Walipochomwa zile seli walikuwa wanatetemeka, wamejibana kama vitumbua kwenye kikaango. Sikuvumilia. Nikaazima mkeka wa umeme wa chumba cha upasuaji, ule wa kuwapasha joto wakiamka kwenye usingizi wa dawa, nikautandika chini ya vizimba vyao. Unakumbuka mama na chupa ya maji moto tukiwa na homa? Ile aliyoivika soksi ya kijivu ya baba, akaisukuma miguuni bila kusema neno? Ndivyo hivyo. Usimwambie mtu, watasema nawadekeza.

Nisalimie mama. Mwambie nakula.

Dada yako,
Rejista


8 Juni

Da' Rejista,

Shikamoo. Hapa hakuna ukungu, kuna vumbi la sponji tu, liandike hilo kwenye daftari lako.

Kwanza nikupe kichekesho. Simu yangu imekwenda. Haikuibiwa. Nimeishonea ndani ya kochi la mteja. Nilikuwa nafunga kitambaa cha mgongo, nikaiweka pembeni kidogo tu, nikapiga pini, nikamaliza, likapakiwa kwenye gari. Gari linaondoka, nasikia kochi linaita! Fundi mkuu alicheka mpaka akakaa chini. Mteja hapatikani, namba yake imo kwenye simu, na simu imo kwenye kochi. Kwa hiyo sasa nina simu ya mama tu, na spika yake.

Halafu tumeletewa gundi mpya, kali kweli. Viganja vyangu vinachubuka kama kitunguu. Nashona kwa glavu. Mama ananiangalia mikono, namwambia gundi hiyo, mama, gundi.

Hao panya wako wamenivutia. Wangapi walipona kati ya wangapi? Uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani? Na ni kweli ni wa ini, au ulisema tu? Kuna mteja wangu mmoja, mama wa makamo, ana mambo hayo hayo ya ini, anapenda kujua. Nijibu kwa namba, wewe si mtu wa namba?

Mdogo wako,
Kibiriti


15 Juni
Asubuhi: anga safi, baridi ya kukata masikio, umande mzito.

Kibiriti,

Nimecheka peke yangu kwenye chumba cha panya hadi mwenzangu akachungulia. Piga simu hiyo kila siku saa moja jioni, labda mwenye kochi atadhani lina pepo atalirudisha.

Pakaa mafuta mikononi. Na umwambie fundi mkuu abadilishe gundi.

Namba za mteja wako hizi hapa. Panya kumi walipewa aina ya kwanza: wawili uvimbe ulipungua, wanane uliendelea kukua. Panya kumi walipewa aina ya pili: tisa uvimbe umepungua, na kati ya hao sita hauonekani kabisa. Ni wa ini, ndiyo. Ulikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, ambayo kwa panya ni mzigo.

Mwambie pia kwamba majaribio ya watu yalikuwa yameshapata kibali, kilichobaki kilikuwa kuchagua aina. Sasa imechaguliwa ya pili. Watapewa wagonjwa wanane, katika hospitali iliyo upande wa pili wa ukuta wetu. Mimi si daktari, ninafagia na kulisha. Lakini niliwaona hao panya kwa macho yangu asubuhi na jioni. Kama ningekuwa na mtu wangu mwenye ugonjwa huo, ningempeleka kesho.

Dada yako,
Rejista


9 Julai

Dada,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Mteja ni mimi.

Niliambiwa mwezi wa kumi na mbili mwaka jana. Uvimbe kwenye ini, sentimita nne na pointi moja. Mahali ulipo hauwezi kukatwa. Tangu Januari nameza vidonge, na vidonge ndivyo vinavyochubua mikono. Gundi ni ile ile ya siku zote, maskini, nimeisingizia. Vidonge vimeuzuia usikue. Lakini havipunguzi, na daktari alisema siku moja vitachoka, hajui ni lini. Nikawa nalala na kuamka na hilo neno, lini.

Mwezi wa tano waliniambia habari za majaribio ya seli. Nilikataa. Ili uingie lazima uache vidonge wiki nne kabla, na mimi vidonge ndivyo nilivyokuwa nimevishika. Ndipo ikaja barua yako ya kwanza. Halafu ya pili, na lile neno lako, "ningempeleka kesho." Wewe, Dada, ambaye hukubali kusema mvua imenyesha mpaka utoe mkono dirishani. Niliisoma pale karakana nimelala juu ya sponji, nikalia, nikaenda kusaini.

Nilikuja kutolewa damu tarehe 29 Juni. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta wako! Nikakuona ukitoka getini na buti zako nyeupe, unakula ndizi, unaongea peke yako. Nilitaka kukuita. Nikasema hapana, akiniona hapa atanisoma usoni, acha nipone kwanza nimwambie mara moja.

Vidonge niliacha tarehe 6 mwezi huu. Tarehe 3 Agosti narudishiwa seli zangu, zimeshafundishwa kazi. Aina ya pili, wale tisa kati ya kumi.

Mama hajui. Usiseme lolote Jumapili. Furahi tu, Dada, unifurahie.

Kibiriti


17 Julai
Asubuhi: sikutazama.

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana saa nne asubuhi. Saa sita walileta vipimo vya kundi jipya la panya. Nakuandikia kama mtu aliyepigwa kofi mara mbili, upande huu na upande huu, na hajui alie lipi.

Rudia vidonge. Nimeanza na hilo ili hata ukiitupa barua uwe umelisoma. Nenda kwa daktari wako umwambie unataka kurudia vidonge, leo, si kesho.

Sasa nieleze. Baada ya lile kundi la kwanza, walichoma panya wengine ishirini ili kuthibitisha, tarehe 26 Juni. Rafu zile zile, seli zile zile. Jana wamepimwa. Aina ya kwanza: mmoja kati ya kumi. Aina ya pili: mmoja kati ya kumi. Kibiriti, mmoja! Daktari Mrefu alisema labda seli ziliharibika kwenye friji. Wote wakakimbilia friji. Mimi nilibaki nimesimama na chupa za maji mkononi, kwa sababu kuna kitu kimoja kilichobadilika na ni mimi tu nakijua.

Ule mkeka. Chumba cha upasuaji waliudai tarehe 25 Juni, nikaurudisha. Kundi jipya halikupata mkeka.

Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari. Nimeandika kila siku, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Mkeka rafu ya chini, umewashwa saa moja." Siku ishirini na moja. Rafu ya juu, walipo wa aina ya kwanza, hakuna. Kwenye rejista ya kazini sikuandika hata mara moja, kwa sababu rejista ya kazini inauliza chakula, maji, maranda, uzito, waliokufa. Haiulizi kama mlezi amewaonea huruma.

Wale tisa hawakuponywa na aina ya pili. Waliponywa na aina ya pili juu ya mkeka wangu, na sijui nani alifanya kazi gani.

Nimepiga simu mara tatu. Mara tatu kapokea mama. Mara ya tatu akasema, "Mbona unahema, kwani unakimbizwa?" Nikamuuliza habari za goti lake. Namba ya karakana yenu sina.

Nimemwandikia pia Daktari barua. Iko mezani, sijaipeleka. Nikuambie kweli yote: jana jioni nilitaka kuichana. Niliwaza, huenda seli zitafanya kazi kwa Kibiriti hata hivyo, binadamu si panya, nikinyamaza hakuna atakayejua. Nimekuwazia hivyo wewe, damu yangu, kwa muda wa kuchemsha chai. Nisamehe kwa hilo kwanza, ndipo unisamehe kwa mengine.

Rejista


18 Julai

Kwa Daktari, mkubwa wa maabara,

Naomba usome barua hii kabla ya mkutano wa leo.

Kuanzia tarehe 11 Mei hadi 31 Mei niliweka mkeka wa umeme wa kupasha joto chini ya vizimba vya rafu ya chini, chumba cha tatu, kila siku kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja asubuhi ya kesho yake. Rafu ya juu haikuwa na mkeka. Sikuomba ruhusa wala sikuandika katika rejista. Niliweka kwa sababu panya walikuwa wanatetemeka. Mkeka niliurudisha tarehe 25 Juni, na kundi la pili halikuupata.

Naambatanisha daftari langu binafsi. Kurasa zenyewe nimezitia alama ya uzi mwekundu. Kuna mambo mengine ya nyumbani humo, naomba usiyasome.

Sifahamu sayansi yake, lakini naona makundi mawili hayakulelewa sawa, na kosa hilo ni langu. Wagonjwa wanane wanaandaliwa kwa sababu ya wale panya. Mmoja wao ni mdogo wangu wa tumbo moja. Sikujua mpaka juzi. Ameacha dawa zake kwa ajili yenu, na kwa ajili ya neno langu.

Niko tayari kwa hatua yoyote mtakayochukua. Naomba tu msichelewe kuwaambia wagonjwa.

Mlezi wa panya, chumba cha tatu


22 Julai

Dada,

Usiipeleke hiyo barua.

Nimesoma yako mara nne. Mara ya kwanza nilidhani unatania, na nikasema huyu hajui kutania, basi anaumwa. Niliziangusha pini zote sakafuni. Fundi mkuu aliniuliza mara mbili kama nimechomwa na pini.

Unajua umenifanyia nini? Nilikuwa ndani ya nyumba yako hiyo ya matofali isiyo na mlango. Wewe ndiye uliyekuja ukaniambia mlango huu hapa. Nimejikusanya, nimeacha vidonge, nimeuendea, nimenyoosha mkono, na sasa unaniambia pole, mlango wenyewe niliuchora ukutani, nilikuwa nawahurumia panya!

Panya, Dada! Miezi saba mimi nachubuka mikono, wewe unawatandikia panya mkeka!

Najua hukujua. Najua mimi ndiye niliyekuficha. Usinijibu kwamba ndimi niliyekuficha, nitaipasua barua.

Nisikilize. Hakuna anayejua kwa uhakika, wewe mwenyewe umesema hivyo. Huenda zitafanya kazi. Mimi sina rafu ya juu wala ya chini, nina mwili wangu tu, na una joto lake. Acha nipewe. Ukisema, watafunga kila kitu, na mimi nitarudi kwenye lini. Ulinyamaza ulipotandika mkeka, nyamaza na sasa. Kwa mara moja tu maishani usiandike kitu.

K.


24 Julai

Kwa mlezi wa chumba cha tatu,

Nilitaka kukuita ofisini, lakini nimeona sitaweza kuyasema haya vizuri nikiwa nimekaa mbele yako.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Siku mbili sikuamini. Nilikwenda chumba cha tatu nikiwa na kipimajoto, nikakilaza sakafuni mwa kizimba cha rafu ya chini kama ningekuwa panya. Nyuzi kumi na tisa. Rafu ya juu, ishirini na moja. Tumeweka chumba kile joto la kutufaa sisi tunaovaa makoti. Panya mdogo hivyo anataka karibu nyuzi thelathini ili apumzike. Chini ya hapo anatumia nguvu zake zote kujipasha joto, na mwili wenye dhiki hutoa kemikali zinazozifunga breki seli za kinga. Mambo haya yamewahi kuandikwa. Nimeyasoma nikiwa mwanafunzi. Nimepita mbele ya lile tundu la kiyoyozi miaka sita.

Majaribio ya wagonjwa tumeyasimamisha jana saa tano. Hospitali inawapigia simu wote wanane leo, na wote wanashauriwa kurudia matibabu yao ya awali. Kuhusu mdogo wako siwezi kukuandikia lolote zaidi, na najua unaelewa kwa nini.

Tunaanza upya. Makundi manne: aina ya kwanza na ya pili, kila moja nusu penye joto, nusu penye baridi. Kamati ilitaka uondolewe. Niliwauliza ni safu gani ya rejista yetu ambayo ulipaswa kuandika habari za mkeka. Walitafuta. Hawakuipata, kwa sababu niliichora mimi hiyo rejista. Utapewa onyo la maandishi kwa kutoomba ruhusa, kisha urudi kazini Jumatatu.

Daftari lako narudisha. Sikusoma ya nyumbani, isipokuwa ukurasa mmoja uliokuwa na uzi mwekundu upande wa pili. Umeandika humo kwamba nafuta miwani isiyo chafu. Ni kweli.

Daktari


20 Agosti
Asubuhi: upepo, mawingu mepesi, joto limeanza kurudi.

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 22 ilifika wakati yangu imeshakwenda. Ningekuwa nimeipata kabla, sijui ningefanya nini, na siku zote namshukuru mchelewesha barua. Tangu hapo umenyamaza, nami sikukusumbua. Jumapili mama akisema "mdogo wako anakusalimu" nasikia kabisa kwamba hupo chumbani.

Matokeo yametoka leo. Nakuandikia wewe kabla sijaandika kwenye daftari.

Penye baridi, aina zote mbili zimeshindwa. Penye joto, zote mbili zimefanya kazi: saba kati ya kumi, na saba kati ya kumi. Sawasawa. Kile kilichoongezwa kwenye aina ya pili hakikuongeza kitu. Na aina ya kwanza imeshajaribiwa kwa watu miaka iliyopita, Kibiriti, na haikuwafaa.

Hakuna aliyepiga makofi wala aliyeniangalia. Daktari Mrefu alisema swali sasa ni jingine: kama dhiki ya baridi ndiyo iliyokuwa inazifunga breki seli ndani ya panya, je, ndani ya mwili wa mgonjwa, ambao haupulizwi na kiyoyozi, ni nini kinachofanya kazi ya ule upepo? Akaandika ubaoni, akapigia mstari. Alisema itachukua miaka. Sikuandikii hili ili kukupa mlango mwingine. Nakuandikia kwa sababu nimeapa kutokuficha kitu, hata kidogo.

Nitumie neno moja tu. "Nipo." Linatosha.

Rejista


12 Septemba

Dada,

Nipo.

Walimpigia fundi mkuu ile tarehe 24, namba yake ndiyo niliyowaachia. Akanipa simu bila kuuliza. Niliposikia "tumesimamisha", nilimrudishia simu yake nikaenda kukung'uta sponji uani, nikaikung'uta mpaka ikachanika. Vidonge nilirudia tarehe 26. Siku ishirini bila dawa. Picha ya wiki hiyo ilionyesha sentimita nne na pointi tisa. Kabla ilikuwa nne na pointi moja, na kwa miezi sita ilikuwa haijasogea hata nywele. Nimekuandikia namba kwa sababu najua utazitaka, na kwa sababu nilitaka zikuume. Wiki zote hizi nilitaka zikuume. Kisha nikawaza: kama ungenisikiliza, ningekaa bila dawa mpaka Agosti, na miezi ya kungojea baada yake, nahesabu siku, ndani kunakua. Hapo nilitetemeka, Dada. Niko juu ya kiti, jua kali, natetemeka kama panya wako.

Sasa nikusimulie jambo la juzi, sijapata mtu wa kumsimulia.

Tarehe 10 nilikwenda kupigwa picha nyingine. Nilimwambia mama nakwenda kupima kochi la mteja. Nilirudi saa nane mchana, nimechoka, miguu inawaka, nikamwambia kichwa kinaniuma kidogo, naingia kujilaza. Nikapanda kitandani. Nikanyoosha miguu chini ya blanketi, nikagusa kitu cha moto.

Niliruka, nilidhani mnyama! Nikafunua. Chupa. Imevikwa soksi ya kijivu ya baba.

Nikatoka. Mama yuko jikoni anachambua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Mama, hii nini?"

"Chupa."

"Mimi sina homa."

"Najua huna homa."

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Gundi gani hiyo inayochubua viganja na nyayo? Kwani unashona makochi kwa miguu?"

Dada, nyayo! Sikuwahi kuziwaza. Zinachubuka sawa na mikono, na mimi natembea pekupeku humu ndani miezi yote, najidai gundi, gundi. Amejua tangu mwezi wa tatu. Alimpelekea mhudumu mmoja wa zahanati kikaratasi cha vidonge vyangu alichokiokota mfukoni mwangu, akasomewa ni vya nini. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulikuwa unajitahidi sana kunificha, nikaona nisikuvurugie." Kisha akasema, "Na yule mwenzako anayehema kwenye simu, mwambie asiniulize tena habari za goti. Goti langu liliacha kuuma zamani."

Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikamkumbatia miguu, nikalia na kucheka mpaka mchele ukamwagika. Hakunigombeza kwa mchele. Yeye!

Picha imetoka leo. Nne na pointi tisa. Haujapungua. Haujakua.

Bado nina hasira na wewe, lakini ni hasira ya kukaa chumba kimoja. Njoo. Mama amesema njoo na daftari, anataka kujua huwa unamwandika nini humo.

Mdogo wako,
Kibiriti

Simu imerudi! Mwenye kochi ameileta. Anasema miezi mitatu mumewe alikuwa anakaa upande mmoja tu, akilalamika kuna kitu kinamchoma mgongoni.


19 Septemba
Asubuhi: jua tangu saa kumi na mbili na nusu, hakuna upepo, joto la kutosha kuacha sweta nyumbani.

Kibiriti,

Hii utaipata baada ya mimi kufika, labda tutaisoma pamoja. Naandika kwa sababu siwezi kuacha.

Barua yako imefika saa tatu. Nilifika kwenye ile namba, nikaenda stoo nikakaa juu ya magunia ya maranda. Mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikatikisa tena. Akasema, "Basi una nini?" Nikamwambia haujakua. Akadhani nasemea panya, akauliza rafu gani.

Mama amejua tangu mwezi wa tatu! Nimerudia kusoma hapo mara sita, bado nashtuka kila mara. Mimi niliyeandika kila kitu, na wewe uliyeficha kila kitu, tumeshindwa wote na mtu anayetazama nyayo.

Chumba cha tatu sasa kina kipimajoto kila rafu, na rejista ina safu mpya mwishoni: "Mengineyo." Daktari Mrefu alinipa kalamu niwe wa kwanza kuijaza. Niliandika: "Kizimba cha nne, mmoja anapenda kulala peke yake. Sijui kwa nini." Akaisoma, akafuta miwani, akasaini.

Nimepewa likizo ya siku kumi. Nimekata tiketi ya kesho asubuhi. Mfuko umefungwa, daftari limo, uzi mwekundu nimeutoa.

Tangu tarehe 16 Julai nimekuwa nikiandika daftarini saa za kulala, na nyingi ni za kujidanganya, nilikuwa nimelala chali nahesabu mbao za dari. Leo nimechemsha maji, nimeyatia kwenye chupa, soksi ni yangu, ya baba unayo wewe. Nimeisukuma miguuni. Nje bado kuna mwanga, jirani anaanua nguo.

Nimelala saa kumi na mbili na dakika tano jioni.